Njia ya chuma na jamaa zetu

Maneno ya wazee siku ya yubile



Tumeombwa, sisi wazee tuliozaliwa katika kambi ya reli, tuseme neno juu ya utoto wetu. Tutasema juu ya gari la moshi, kwani bila gari hilo wengi wetu tusingaliwajua nkambo zetu.

Njia ya chuma ya kutoka Kabalo hadi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ilimalizika mwaka wa 1915. Urefu wake ni kilometri 273, nayo hufuata bonde la mto Lukuga. Haikujengwa kwa ajili ya jamaa zetu. Ilijengwa ili mizigo ya Lualaba ifike ziwani, ivushwe mpaka Kigoma, kisha iende Dar es Salaam na ng’ambo ya bahari. Lakini wazazi wetu waliifanya kuwa njia ya undugu.

Baba zetu waliacha vijiji vyao, wakaja kutengeneza reli na kupakia mizigo. Nkambo walibaki upande wa Kabalo na Kongolo. Basi, konji ya masomo ilipofika, mama alifunga ndagala kavu katika gunia, akatuamsha kabla ya jogoo. Baba hakusafiri, sababu kazi ilimshika. Alisimama chini ya dirisha, akatuhesabu kwa kidole mmoja mmoja, akamwambia mkubwa wetu: «Usimwachilie mdogo wako mkono.» Neno hilo lilikuwa baraka yake.

Huko Niemba na Nyunzu wanawake walikuja madirishani na mihogo, ndizi na karanga. Mama alinunua kidogo, akagawa sawasawa; na mtoto wa jirani asiye na chakula alihesabiwa pamoja nasi. Mama hakuuliza kabila lake. Hivi tulijifunza mapendo kabla hatujayasoma katika katekisimu.

Nkambo alitungoja tangu asubuhi, hata kama gari lilifika usiku. Ndagala za ziwa zilibaki kwake, nasi tukarudi na mafuta ya mawese, na habari za wazima na za marehemu.

Lakini tuliona pia siku za taabu. Katika machafuko yaliyoanza mwaka wa 1960, na tena katika vita ya 1998 hadi 2003, jamaa nyingi zilitengana. Wako kati yetu waliosikia kifo cha mzazi baada ya miezi mingi, wasipate hata kutupa udongo kaburini. Huzuni hiyo haijaisha mioyoni mwetu.

Ndugu wapendwa, leo watoto wetu wana simu, na sauti hufika saa ileile. Ni jambo la heri. Lakini sauti haishiki mkono wa mzee. Kwa hiyo tunawaomba wazazi: wapelekeni watoto kwa nkambo zao wangali hai, wawajue kwa uso na kwa jina. Na katika parokia hii, yenye watu wa makabila mengi, kila mama amhesabu mtoto wa jirani pamoja na wake.

Mungu awapumzishe wazazi wetu kwa amani, na awalinde wote walio safarini.