Shule Katoliki na Malezi ya Dhamiri: Kondoo Mmoja au Tisini na Tisa?

Mada iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani kwa walimu, wazazi na walezi wa shule za jimbo

Mada niliyopewa na Tume yetu yauliza hivi: kusoma katika shule Katoliki humjengaje kijana katika maadili na ukuaji wake? Wengi wetu hulijibu swali hili upesi. Husema kwamba huko kuna nidhamu, kuna sala, na watoto wanafaulu. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Nidhamu ipo pia jeshini, na kufaulu kupo katika shule nyingi zisizo na msalaba ukutani. Jibu ninalopenda kuliweka mbele yenu leo ni hili: kijana hajengwi hasa na maneno tunayomwambia juu ya haki, bali na namna anavyotuona tukiitenda au tukiivunja mbele ya macho yake. Shule nzima ni somo la dini, tangu langoni hadi jikoni.

Nitafuata njia ya hatua tatu ambayo wengi wenu mnaifahamu: kuona, kupima na kutenda. Njia hii ilienezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji miongoni mwa vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa zima katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra.

1. KUONA

Tuanze na mizizi yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha makao ya watu waliokombolewa utumwani. Watoto waliofundishwa hapo kusoma, katekisimu, kilimo na ufundi walikuwa wamekwisha kutajiwa bei sokoni. Mtoto aliyepimwa kwa fedha akaitwa kwa jina, akapewa kitabu na jembe. Tusiusahau mwanzo huo.

Miaka mingi baadaye, shule za misheni zilikuwa zimeenea nchini, nazo zililea viongozi na wataalamu wengi. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alisoma katika shule za serikali za Musoma na Tabora, alifundisha katika shule zetu mbili: Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Mtakatifu Fransisko, Pugu, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kuutumikia mwendo wa uhuru. Hata hivyo, serikali aliyoiongoza ndiyo iliyopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule nyingi za madhehebu, ikiwemo ile ya Pugu, zikawa mali ya taifa. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa.

Kwa baadhi ya wazee wetu, tukio hilo lilikuwa jeraha. Lakini Tume ya Haki na Amani haina budi kulitazama kwa uaminifu. Nafasi za shule zilikuwa chache, na kwa sehemu kubwa ziliifuata misheni ilipokuwa. Watoto wa Kiislamu, na wale wa sehemu zisizo na misheni, waliachwa nyuma. Serikali ilitaka mlango wa shule ufunguliwe kwa kila mtoto wa nchi bila kuulizwa dini yake. Nasi tuliporuhusiwa tena kufungua shule, tulipaswa kurudi tukiwa tumejifunza kitu kutokana na historia hiyo.

Sasa niruhusuni nitoe ushuhuda wangu mwenyewe, mara mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa kijana wa kidato cha pili katika seminari ndogo, katika miaka ya 1990. Siku moja sukari ya bwalo iliibwa. Wengi wetu tulimtaja mwenzetu mmoja, kwa kuwa alitoka katika familia maskini kuliko zote na hakuwa na mtu wa kumtetea. Baba Gombera hakushika fimbo. Alimpa kijana yule nafasi ya kujieleza, kisha akatuuliza sisi mmoja baada ya mwingine: “Nani ameona kwa macho yake?” Hakuna aliyesimama. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba mwizi alikuwa mtu mwingine kabisa. Ndipo Gombera alipotutaka sisi tuliomtaja mwenzetu tumwombe radhi mbele ya bwalo zima. Mimi nilikuwa mmojawapo. Yale niliyoandika katika mtihani juu ya amri ya nane yamekwisha kunitoka kichwani. Asubuhi ile bwaloni haijanitoka.

Mara ya pili nilikuwa padre kijana, mlezi wa kiroho katika shule mojawapo ya sekondari. Mwisho wa mwaka tulikaa kikao. Utaratibu wa shule ulikuwa kwamba asiyefikia wastani wa alama 50 haendelei na kidato kinachofuata, bali anatafutiwa uhamisho. Binti mmoja alipata 46. Mama yake alikuwa mjane, mwuza maharage sokoni, na ada aliileta kidogo kidogo. Jina la binti lilisomwa, likapigiwa mstari, tukaendelea na jina linalofuata. Nilikuwa na haki ya kusema katika kikao kile. Nilinyamaza.

Shule ilipofunguliwa, baada ya Misa ya kwanza, mwanafunzi mmoja alinifuata mlangoni mwa sakristia akaniuliza: “Padre, nami nikipata arobaini na tisa, nitaondoka?” Katika swali lile nilitambua kwamba tulikuwa tumefundisha somo kamili bila ubao wala chaki. Watoto walikuwa wamelielewa vizuri: thamani ya mtu ni alama zake, na mdhaifu huondolewa kimya kimya.

Binti yule alimalizia katika shule ya kata, na leo ni mama wa familia na katibu wa jumuiya ndogondogo. Miaka kadhaa baadaye nilimwendea nikamwomba radhi. Alinijibu kwa upole kwamba alikwisha kusamehe, ila mama yake hadi leo anaamini kosa lilikuwa lake yeye, kwa sababu alichelewesha ada. Ndugu zangu, dhuluma hufikia ukamilifu wake pale aliyedhulumiwa anapojilaumu mwenyewe.

2. KUPIMA

Tuyapime hayo kwa mwanga wa mafundisho ya Mama Kanisa. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa Tamko juu ya Malezi ya Kikristo. Humo wanaeleza kwamba alama ya pekee ya shule Katoliki ni kuijenga jumuiya iliyojaa roho ya Injili, yaani roho ya uhuru na mapendo. Tena wanawasihi wachungaji na waamini wasiwasahau maskini wa mali, wale waliokosa msaada wa familia, na wale wasio na imani. Angalieni jinsi orodha hiyo ilivyo: haitaji kwanza wenye akili nyepesi, wala wenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 1977, idara ya Vatikano inayoshughulikia elimu Katoliki ilitoa hati juu ya shule Katoliki, nayo ilisema wazi zaidi. Ilikiri kwamba katika nchi nyingine, kwa sababu za sheria na uchumi, shule zetu zimejikuta zikiwapokea hasa watoto wa wenye nafasi. Ikaonya kwamba elimu ya namna hiyo yaweza kuwadumisha hao katika nafasi yao ya upendeleo na hivyo kuisaidia jamii isiyo ya haki. Onyo hilo lilitolewa na Kanisa lenyewe, dhidi ya shule za Kanisa.

Na juu ya hayo yote ipo Injili. Katika sura ya 15 ya Luka, mchungaji anawaacha kondoo tisini na tisa akamtafute mmoja aliyepotea. Sisi katika kikao kile tulimwacha mmoja ili tisini na tisa wang'ae kwenye matokeo. Tena yule hakuwa amepotea. Tulimpoteza sisi wenyewe.

Nawasikia baadhi ya wakuu wa shule wakisema moyoni: “Padre, maneno ni matamu, lakini mishahara italipwa na nani? Wastani ukishuka, wazazi watawahamisha watoto wao.” Hoja hiyo ni ya kweli, wala siidharau. Shule zetu nyingi huishi kwa ada, na mwalimu mwenye njaa hafundishi vema. Isitoshe, tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, kwa hiyo mzazi anayetuletea mtoto ana haki ya kudai alichokilipia. Nidhamu na bidii ya masomo ni tunu, na mtoto wa maskini anazihitaji kuliko mwingine yeyote. Ninachokipinga ni kumtoa sadaka mtoto kwa ajili ya jina la shule. Kumfundisha mwenye alama 90 apate 92 ni kazi nyepesi. Kumshika mkono mwenye 46 hadi afike 60 ndiyo kazi ya ualimu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ikiwa taifa limeweza kuyaweka kando mashindano hayo, sisi wa Injili tunang'ang'ania nini?

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana anayezoea kuona mdhaifu akiondolewa, kesho akiwa mkurugenzi atamwondoa mfanyakazi mgonjwa, akiwa hakimu atamsikiliza mwenye wakili tu, na akiwa mwanasiasa atahesabu kura bila kuhesabu watu. Hapo tusiseme kwamba dunia imemharibu. Ameyatenda tuliyomfundisha.

3. KUTENDA

Napendekeza mambo matano, ambayo kila shule yaweza kuyaanza muhula ujao.

Kwanza, asiondolewe mwanafunzi kwa sababu ya wastani. Anayeyumba apewe mwalimu wa kumfuatilia na masomo ya ziada, na wanafunzi wenye uwezo wafundishwe kuwasaidia wenzao. Anayemsaidia mwenzake hukua mara mbili, katika akili na katika moyo.

Pili, mwanafunzi yeyote asiadhibiwe wala kusimamishwa kabla ya kusikilizwa. Adhabu isiyo na sikio hufundisha woga, na woga si maadili.

Tatu, uwepo mfuko wa ada kwa wasiojiweza, unaochangiwa na parokia, wazazi wenye uwezo na wahitimu wa zamani. Majina ya wanaosaidiwa yawe siri. Wala mtoto asisimamishwe mstarini asubuhi kwa deni ambalo si yeye aliyelikopa.

Nne, tuwatazame wafanyakazi wetu. Mpishi na mlinzi wana mikataba? Michango yao ya hifadhi ya jamii inapelekwa? Wanafunzi huwasalimia wakubwa hao kama wazazi, au huwaita kwa kupiga mbinja? Kijana atajifunza heshima ya kazi kwa mpishi kabla hajaisoma katika nyaraka za kijamii za Mapapa. Na kazi za mikono zisiwe adhabu ya wakosaji, bali wajibu wa wote, walimu wakiwa mbele.

Tano, mlango uwe wazi. Mwanafunzi Mwislamu au wa dhehebu lingine aheshimiwe katika imani yake. Tena, tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni. Yatupasa kujiuliza kwa unyofu: binti wa namna hiyo akibisha hodi kwetu, sisi tunaohubiri utakatifu wa uhai tutampokea pamoja na uhai aliokubali kuuzaa, au tutamwelekeza mlango wa pili?

Ndugu wazazi, nanyi msijitoe katika mzigo huu. Shule ni msaidizi wenu katika malezi. Nyinyi ndio walezi wa kwanza. Mtoto akirudi likizo, msimwulize tu, “Umekuwa wa ngapi?” Mwulizeni pia, “Nani darasani kwenu anapata shida, nawe umemfanyia nini?” Swali hilo likiulizwa katika kila nyumba, litabadili shule zetu kuliko hotuba yangu.

Nanyi vijana wapendwa, msione kwamba haki ni jambo la wakubwa. Mwenzenu akisingiziwa, semeni. Padre wenu alinyamaza siku moja, na ukimya ule bado unamdai.

Watoto wa Bagamoyo walipokelewa wakiwa wametoka mahali ambapo mtu alikuwa na bei. Tuombe ili kila mtoto anayepita langoni mwetu leo akute ametoka huko kweli.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA NA SHULENI

1. Ni taratibu zipi za shule yetu zinazowafundisha watoto haki, na zipi zinazowafundisha kinyume chake?

2. Katika mwaka uliopita, ni wanafunzi wangapi walituacha kwa sababu ya ada au alama? Wako wapi sasa, na nani amewatembelea?

3. Kila mmoja ajiulize: ni katika kikao gani nilinyamaza nilipopaswa kusema?