Presha ya Oili Ikishuka Baada ya Kubadili Injini
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari ya lile lori, kwa kuwa wengi wenu mmesikia nusu yake tu, na nusu iliyosemwa mjini siyo tuliyoiona kwa macho. Sisi ni watu wa karakana ya reli, watu wa spana, wala hatukuzoea kuhutubia. Tukikosea maneno mtusamehe.

Ndugu mmoja aliyekuwa mwenzetu hapa kabla ya kuacha kazi aliajiriwa udereva na mwenye malori ambaye hatutamtaja. Lori la tani 7 lilichoka injini, likatiwa nyingine ya mtumba. Siku ya nne, akipanda mlima na mzigo wa saruji, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasimama, akazima, akapiga simu. Akajibiwa, "Hiyo ni waya tu, endelea." Akaendelea. Kabla hajafika juu injini ikaanza kugonga. Mwisho wa mwezi akaambiwa kwamba bei ya injini itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo mpaka iishe, maana ameendesha gari bila oili.

Akaja tawini na karatasi yake mkononi. Katibu akatusomea Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19: mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la kusudi la mfanyakazi. La kusudi, ndugu zangu. Basi ilikuwa lazima tujue kosa limetoka wapi. Mwenye lori, tumpe haki yake, hakukataa tulitazame. Alitupa Jumapili mbili.

Kwanza tulimwuliza dereva maswali mengi kabla ya kushika spana. Saa ya presha ilionyesha nini siku ya kwanza? Akasema mshale ulilala chini tangu siku lori lilipotoka gereji, injini ikiwa baridi au moto, na fundi alimwambia asijali. Je, oili ulipima? Akasema kila asubuhi, na kijiti kilionyesha imejaa. Na taa? Taa haikuwaka ila mlimani. Maneno hayo matatu yalitufaa kuliko saa nzima ya kufungua nati.

Maana presha ya oili, ndugu, haifanywi na pampu peke yake. Pampu husukuma oili, nayo njia nyembamba za beringi huizuia isipite upesi, na kule kuzuiwa ndiko presha. Kwa hiyo saa ikilala chini, huenda oili haifiki kwenye pampu, au pampu imechoka, au beringi zimepanuka na oili yapita bure, au valvu ya kupunguzia presha imekwama wazi kwa uchafu. Au saa yenyewe ni mwongo. Tena injini ikibadilishwa, huo uongo ni wa kwanza kushukiwa. Kile kidude kilichofungwa kwenye bloku, ambacho mafundi hukiita sensa, hupeleka habari kwenye saa kwa nguvu ya umeme, na kila sensa ina kipimo chake. Ukiacha sensa ya injini mpya izungumze na saa ya gari la zamani, ni kama Mkamba na Mluo wakutane bila Kiswahili. Mshale utasema lolote.

Basi tukaifungua ile sensa, mahali pake tukafunga saa ya mkono, ile yenye mpira wake ambayo oili yenyewe huusukuma mshale bila waya wowote. Injini ilikuwa bado yawaka, nasi tuliiwasha kwa dakika chache tu, polepole, lori likiwa tambarare. Saa yetu ikasema paundi 40. Saa ya lori, kabla hatujaondoa sensa, ilikuwa imelala chini kabisa.

Mwenye lori akacheka. "Si niliwaambia ni waya?"

Kwa kweli alikuwa na haki, kwa nusu. Tena nusu ile ndiyo iliyoharibu injini, kwa sababu saa iliyosema uongo siku nne ilifanya hata taa isiaminiwe, na taa ile ina swichi yake mbali, haikuwa na kosa. Lakini dereva alisema mlimani. Tukalivuta lori mpaka kwenye mteremko wa nyuma ya ua, tukaligeuza pua juu, tukaliwekea magogo chini ya magurudumu, tukawasha tena. Mshale ukatetemeka, ukashuka, ukafika sifuri. Tukazima mara moja. Hapo hakuna aliyecheka.

Mshale unaotetemeka hivyo ni alama ya pampu inayonyonya hewa. Tukaongeza oili lita 2, tukawasha mahali pale pale, na mshale ukasimama imara kwenye 35. Ingekuwa kosa ni la pampu au la valvu, kuongeza oili kusingalisaidia kitu. Lakini kijiti sasa kilionyesha kwamba oili imepita kiasi sana! Basi ama kijiti ni kiongo, ama sisi.

Jumapili ya pili tuliteremsha sampu, yaani lile bakuli la oili chini ya injini. Tukaona fundi alikuwa ametia sampu ya injini ya zamani, maana ile ya injini mpya ilikuwa yagonga fremu. Si kosa kufanya hivyo, mafundi wengi hufanya. Lakini aliacha bomba la kunyonyea la injini mpya, nalo ni fupi. Tulichukua udongo wa kufinyanga, tukaubandika chini ya chujio la bomba, tukairudisha sampu na gasketi yake, tukaiteremsha tena na kupima unene wa udongo. Ilitakiwa iwe kama robo inchi, au zaidi kidogo. Tulipata inchi moja na nusu. Chujio lilikuwa laning'inia juu kama ndoo isiyofika majini. Na kijiti kilikuwa cha injini ya zamani, kirefu kuliko mrija wake, kwa hiyo kilizama chini zaidi na kuonyesha imejaa wakati oili haijafika nusu ya kazi. Tambarare, oili ilitosha kulifunika chujio. Gari likipanda, yote ilikimbilia nyuma.

Beringi mbili zilikuwa zimelika hata shaba yaonekana. Hatukutafuta zaidi.

Tuliyaandika haya yote kwa Kiswahili katika karatasi moja, pamoja na vipimo, tukatia sahihi watu watatu, na ule udongo tukaufunga katika kitambaa. Dereva alipima oili kila asubuhi kwa kijiti alichopewa. Kusudi liko wapi? Mwenye lori alisoma mara mbili, akanyamaza, akasema atazungumza na fundi wake. Makato yalisimama. Fedha ya mwezi wa kwanza ilirudishwa baada ya barua ya pili ya katibu.

Lakini dereva naye tulimwambia wazi mbele yake, na leo yuko hapa anatusikia. Taa nyekundu ikiwaka, ulizima vema. Ulipoambiwa uwashe tena ungalimwomba bwana huyo akuandikie neno hilo kwa simu, ujumbe mfupi tu, ndipo ushike ufunguo. Asipokubali kuandika, lori lilale pale pale na saruji yake.

Kranki ilichongwa, ikatiwa beringi za saizi ya pili, bomba likabadilishwa, na kijiti kikatiwa alama mpya kwa kumimina oili iliyopimwa kwa lita. Lori liko barabarani.

Ile saa ya mkono iko kwa mweka hazina wa tawi. Atakayeihitaji aandike jina lake daftarini, na airudishe pamoja na mpira wake, maana mara ya mwisho ilirudi bila mpira.