Spika Ndogo, Sauti Safi: Kununua na Kuunda kwa Pesa Kidogo

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Voi mbele ya vikundi vya vijana na kina mama kutoka Voi, Sagalla, Mwatate na Kasighau. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshee katika kurasa hizi.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya spika. Wengine wenu mnajiuliza, jamani, tuna shida ya maji, tuna ndovu wanaomaliza mahindi, leo mwatuita kusikiliza habari za muziki? Subirini kidogo. Hatuanzi na muziki. Tunaanza na hesabu ya watoto.

Tisa na sita

Mwaka wa 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Masomo yakatolewa na KICD, mengine kupitia redio ya KBC. Kwetu boma lina watoto saba na redio moja ya kaseti ya zamani, ambayo spika yake ilikuwa imechanika. Watoto wakakaa barazani na madaftari. Mwalimu wa redio akasoma hesabu, wao wakaandika.

Jioni tulipoangalia madaftari, karibu wote walikuwa wamekosea mahali pamoja. Tulipouliza, mmoja akasema, "Lakini amesema sita!" Mwingine akasema, "La, ni tisa." Tukatega masikio sisi wenyewe siku ya pili, na kweli, hatukuweza kujua. Kilichosikika ni "i-a", "i-a" tu.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo la kwanza. Maneno "tisa" na "sita" yana irabu zilezile. Kinachoyatenga ni mahali pa "t" na "s", na sauti hizo ni nyembamba, ziko juu sana kwenye mawimbi, mara elfu kadhaa kwa sekunde. Sauti ya mwanaume akizungumza huanzia chini, karibu mara 100 kwa sekunde. Spika inayonguruma chini na kuficha ya juu inakupa kelele bila maneno. Mzee ambaye masikio yake yamechoka ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hizo sauti nyembamba ndizo humpotea kwanza.

Kosa letu

Sasa tuwaambie ukweli. Kikundi chetu kilikuwa na akiba. Ni pesa za kina mama wanaouza mboga na nyanya kando ya barabara, shilingi kumi kumi. Tukakubaliana tutoe sehemu tununue spika. Wawili wetu wakatumwa mjini. Wakarudi na spika mbili nzuri sana kwa macho, zina taa za bluu, na mbele zimeandikwa wati 1,200.

Baada ya wiki tano moja ilinyamaza, na nyingine ikaanza kukwaruza. Fundi alipofungua alikuta sumaku ndogo, sanduku jembamba kama la viatu, na ile twita ya juu ilikuwa pambo tu. Haikuunganishwa na waya wowote.

Tulisimama mbele ya kina mama kueleza pesa yao imekwenda wapi. Hakuna aliyetutukana. Mama mmoja aliuliza tu, "Na mliijaribu kabla ya kulipa?" Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana leo tunazungumza nanyi, ili yasiwapate yaliyotupata. Rahisi ni ghali.

Unaponunua

Kwanza, usiamini wati zilizoandikwa mbele. Ukiona herufi PMPO, hiyo ni hesabu ya kuuzia. Haina kipimo ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Tafuta herufi RMS. Na kama spika ina amplifaya yake ndani, geuza usome nyuma pale palipoandikwa umeme inaokula. Kama inakula wati 20 kutoka kwa stima, haiwezi kukutolea wati 1,200. Ng'ombe hatoi maziwa mengi kuliko maji aliyokunywa.

Pili, wati si nguvu ya sauti peke yake. Kuna kipimo kinachoitwa desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika nyingi ndogo ni 84 hadi 88. Kila unapoongeza desibeli 3, unahitaji nusu tu ya umeme kwa sauti ileile. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 kwa wati 10 ni sawa na ya desibeli 87 kwa wati 20. Kwa sisi tunaotumia sola, hilo ni jambo kubwa. Sebuleni, kwa kusikiliza kawaida, wati moja au mbili zinatosha.

Tatu, tazama ukingo wa karatasi ya spika. Ule wa sponji huoza na kukatika baada ya miaka. Ukigusa ukaacha unga kidoleni, achana nayo. Wa mpira hudumu zaidi. Kisha sukuma karatasi taratibu kwa vidole viwili, sawasawa pande zote. Ukisikia inakwaruza ndani, koili imepinda au imeungua. Usinunue hata kwa bei ya kuongea.

Nne, nenda na mita ya fundi. Spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7, na ya omu 4 husoma kama 3 na kitu. Ikikataa kusoma kabisa, imekatika. Huna mita? Chukua jiwe moja la tochi, yaani betri ya volti 1.5, uguse waya mara moja tu. Utasikia "tap" na karatasi itasogea. Ikisogea mbele, basi pale palipogusa chanya ya betri ndipo chanya ya spika. Weka alama.

Tano, mwambie muuzaji aweke mtu anayezungumza, si muziki. Taarifa ya habari inatosha. Funga macho. Kama huwezi kutenga "tisa" na "sita", rudisha pesa mfukoni uende zako.

Unapounda mwenyewe

Baada ya aibu ile hatukuwa na pesa ya kununua tena. Tukaamua kuunda. Msidhani ni kazi ya wazungu wenye mashine. BBC, ambao wengi wetu tumesikiliza Idhaa yao ya Kiswahili tangu ilipoanza mwaka 1957, walikuwa na shida kama yetu. Miaka ya 1970 walitaka spika ndogo ya kutumia ndani ya magari ya utangazaji, mahali pasipo na nafasi, lakini inayosema kweli juu ya sauti ya mtu. Wahandisi wao wakaunda iitwayo LS3/5A. Ni sanduku la plaiwudi la urefu wa kama sentimita 30, limezibwa pande zote. Hadi leo watu wanaitafuta. Na kabla yao, mwaka 1954, Mmarekani Edgar Villchur alikuwa ameonyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku hufanya kazi ya springi, ikaishika karatasi ya spika vizuri.

Basi na sisi tukachagua sanduku lililozibwa. Yale yenye tundu hutoa besi zaidi, lakini tundu linataka vipimo kamili vya spika yenyewe, na spika ya mitumba haina karatasi zake. Tena huku kwetu tundu ni nyumba ya panya na buibui.

Spika zenyewe tulizipata kwa mafundi wa jua kali, zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa. Tulichagua za inchi 5, mbili zinazofanana. Angalieni sana: spika za gari nyingi ni omu 4. Kama amplifaya yako imeandikwa omu 4 hadi 8, funga moja kila upande, uko salama. Ukifunga mbili pamoja sambamba upande mmoja, zinakuwa omu 2 na utaunguza amplifaya. Ukizifunga kwa mfuatano, zinakuwa omu 8.

Vijana, onyo. Televisheni za zamani zenye mgongo zimetupwa nyingi tangu matangazo yahamie dijitali mwaka 2015. Ndani kuna spika, ni kweli. Lakini bomba lile la kioo huweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Msifungue wenyewe. Mpeni fundi anayejua.

Sanduku letu ndani lina upana wa sentimita 20, kina 20 na kimo 25, yaani lita 10. Kwa ubao wa milimita 18, kila sanduku lataka:

- vipande 2 vya 28.6 kwa 23.6, mbele na nyuma;
- vipande 2 vya 23.6 kwa 20, juu na chini;
- vipande 2 vya 25 kwa 20, ubavuni.

Masanduku mawili yanakula chini ya mita moja ya mraba. Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 ni karibu mita 3 za mraba, basi watu watatu wachangie moja, au mwombe seremala mabaki yake. Mwambie akate kwa mashine. Kona ikiwa haiko sawa, hewa itavuja.

Chipbodi ni rahisi, lakini ninyi wa Wundanyi na kule juu penye ukungu, itafura kama mkate ndani ya chai. Tumieni plaiwudi, mpake vanishi hadi kwenye kingo. Sisi wa chini adui wetu ni mchwa na vumbi. Usiweke sanduku sakafuni, na likipumzika lifunike kwa leso.

Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kila kiungo, kisha zungusha kamba ya katani na uikaze kwa kijiti hadi kesho yake. Katani si ndiyo mali yetu? Ndani weka pamba ya mto kuukuu au sufi, iliyochambuliwa, isishindiliwe. Inameza mwangwi. Tulijaribu pia nyuzi za katani zilizochanwa, zikafaa, ila zinataka kuzuiwa kwa kitambaa zisiguse karatasi ya spika.

Kisha twita. Hii ndiyo inayoleta "t" na "s". Isifungwe moja kwa moja, besi itaiua. Weka kapasita ya maikrofaradi 4.7 kwenye waya wa chanya, isiyo na chanya na hasi. Kwa twita ya omu 8, itazuia sauti za chini na kupitisha zile zilizo juu ya mara 4,200 hivi kwa sekunde. Twita ikiwa ya omu 4, weka mara mbili yake. Ukikosa kapasita hiyo, chukua mbili za kawaida za 10, unganisha hasi kwa hasi, utapata kama 5.

Ukimaliza, sukuma karatasi ya spika kubwa polepole na uachilie. Ikirudi taratibu, sanduku limezibwa. Ikirudi haraka, tafuta tundu uzibe.

Kuziweka

Funga chanya kwa chanya pande zote mbili. Ukigeuza moja, besi itapotea na sauti itakuwa kama haina mahali. Waya wa kawaida wa taa unatosha kwa mita tatu nne. Weka spika usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, si juu ya kabati wala kwenye kona, kwa maana kona huongeza mngurumo. Na chumba chetu cha mawe na sakafu ya saruji kinarudisha sauti. Tandika mkeka, ning'iniza pazia nzito. Dawa ya mvua kwenye mabati hatuna bado!

Neno la mwisho

Mkiwa na pesa kidogo, zigaweni hivi: kwanza spika yenyewe, pili sanduku imara, mwisho kabisa rangi na urembo. Taa za bluu hazisomeshi mtoto.

Zetu si nzuri kwa macho. Moja imepinda kidogo upande wa kushoto. Tulipozimaliza, shule zilikuwa zimefunguliwa tena na watoto wamerudi darasani, kwa hiyo hazikuwasaidia kwa lile somo la hesabu. Tuliwachelewesha. Lakini tulizipeleka kwenye mkutano wa kina mama, tukafungua taarifa ya habari, na yule mama aliyetuuliza swali lile alikaa kiti cha nyuma makusudi. Tukamuuliza, unasikia? Akasema, "Nasikia. Sasa nionyesheni hesabu ya pesa."

Tulimwonyesha. Leo tumewaletea hesabu hiyohiyo pamoja na masanduku mawili, yako pale mezani. Anayetaka kupima vipande, kuna futi. Anayetaka kujaribu kwa jiwe la tochi, karibu mbele.

Maswali?