Ndiva na Miti ya Chemchemi



Huko milimani Upare ndiva hujaa maji usiku, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Waliozichimba wamekwisha kufa zamani, nasi twala jasho lao. Kuwaita watu katika msaragambo wa kuzoa matope si kazi, maana asiyefika huenda akakosa zamu ya maji. Hapo choyo chenyewe hushika jembe. Lakini kupanda miti penye chemchemi hakumpi mtu zamu yo yote: faida ni ya wajukuu. Nasi makarani tulioteremka Same kufuata mshahara ndio wa kwanza kusema hayatuhusu. Basi twaomba kila mwanachama atoe siku moja ya likizo, apande kwao na miche, wala asitume fedha badala yake.