Neno Mapinduzi: Cha Chini Kuwa Juu

Mhadhara wa umma, Nalasi, Tunduru, mkoa wa Ruvuma

Mihadhara ya namna hii hutolewa mjini, kwenye kumbi za vyuo. Huu nimetaka niutoe Nalasi, kwa sababu neno ninalolizungumzia linajulikana na mkono wa mkulima kabla ya mdomo wa msomi. Neno lenyewe ni mapinduzi.

Tuanzie shambani. Mvua za kwanza zimenyesha, jembe limezama, bonge la udongo linanyanyuka na kupinduka. Majani yanalala chini, mizizi inatazama jua. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa: udongo ni uleule, majani ni yaleyale. Ila cha chini kiko juu, na cha juu kiko chini. Huko ndiko kupindua.

Umbo la kitenzi hiki limenishughulisha miaka mingi. Tunasema funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Cha pili hutengua cha kwanza. Ungetegemea basi kwamba pindua inanyosha kilichopindwa. Wala! Kunyosha kuna neno lake. Pindua halirudishi kitu kilivyokuwa, linakilaza kwa mgongo wake. Na ile z ya mapinduzi si pambo. Zamani vitenzi hivi vilikuwa na l karibu na mwisho, Kiswahili kimeidondosha, lakini tunapounda nomino inajitokeza tena kwa sura ya z: chagua, uchaguzi, chungua, uchunguzi, pindua, mapinduzi. Ninyi wasemaji wa Kiyao hamkuipoteza l hiyo. Jioni ya leo sikilizeni mnavyomwambia mtoto afungue mlango, mtaisikia.

Neno hili lina majirani wawili wanaochanganywa nalo. Mabadiliko yana asili ya Kiarabu: kitu kushika nafasi ya kingine, shati la jana kwa shati la leo. Mageuzi yanatoka kwenye kugeuka, na mtu akigeuka bado amesimama kwa miguu yake, isipokuwa sasa anatazama upande mwingine. Nchi yetu iliporudi kwenye vyama vingi mwaka 1992 watu walisema mageuzi, na chama kimoja, NCCR-Mageuzi, kikalibeba neno hilo kwenye jina lake. Naona walichagua kwa usahihi. Dola ilibaki imesimama, uso ndio uliogeuka.

Zanzibar ni habari nyingine. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile ilikuwa imeanguka na Sultani yuko baharini. Likaundwa Baraza la Mapinduzi, mzee Abeid Amani Karume akawa Rais, ardhi ikataifishwa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Aliyekuwa akiishi kwenye shamba la mwingine kwa hisani akawa na mahali pa kusimama. Wakati huohuo wapo waliopoteza nyumba, nchi na jamaa, na wengi waliuawa. Nayasema yote mawili kwa sababu neno lenyewe linayabeba yote mawili: hakuna cha chini kinachopanda juu pasipo cha juu kushuka.

Mwaka 1977, tarehe 5 Februari, TANU ya bara na ASP ya Zanzibar ziliungana, na neno la visiwani likavuka bahari likaingia kwenye jina la Chama cha Mapinduzi. Hapa kwetu likatufikia kwenye kadi za chama. Nimegundua kwamba mtu anaweza kutamka CCM mara hamsini kwa siku bila kulisikia. Limejificha ndani ya M.

Sasa lipo jambo linalonisumbua. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimwondoa Milton Obote madarakani kule Uganda, nasi tukasema mapinduzi. Askari walibadilishana kiti. Mkulima wa Uganda alibaki palepale alipokuwa, kisha akateseka zaidi. Kiarabu kinayatenga mambo haya: thaura ni kuinuka kwa watu, inkilabu ni kupinduliwa kwa watawala. Sisi tuna neno moja, tunalitilia mkia wa "kijeshi" pale tunapokumbuka. Sarufi yetu, hata hivyo, inatusaidia kidogo. Lori likianguka njiani tunasema limepinduka, hatumtaji mtu. Serikali hatusemi imepinduka, tunasema imepinduliwa, na hapo msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Nomino mapinduzi inalifuta swali hilo, ndiyo maana viongozi wanaipenda.

Katika mkoa huu wetu neno limepita kando ya mambo makubwa. Mwaka 1905 wazee wetu walinyanyuka kuung'oa utawala wa Wajerumani, na Februari 1906 wakanyongwa pale Songea. Tunaiita Vita vya Maji Maji. Kama wangeshinda, naamini leo tungesema mapinduzi, maana neno hili halipewi aliyeshindwa. Tena kulikuwa na kijiji cha Litowa, ambako vijana wa TANU walianza kulima na kuishi kijamaa kabla hata ya Azimio la Arusha, wakiamua mambo yao wenyewe mkutanoni, mpaka chama chao cha maendeleo kilipovunjwa mwaka 1969. Kwangu mimi, mwanakijiji kuwa mwamuzi wa jasho lake ni kupindua bonge zima la udongo.

Siku hizi nasikia "mapinduzi ya korosho". Wengi wenu mnaikumbuka kangomba: njaa imebisha hodi, korosho bado ziko mtini, na mchuuzi anataja bei yake, nawe unakubali. Mfumo wa stakabadhi ghalani umeleta mnada, bei inasomwa hadharani mbele ya wanachama. Nafurahi, na silidharau hilo hata chembe. Lakini anayetaja bei bado ni mnunuzi, na sehemu kubwa ya korosho bado inapakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Hayo ni mageuzi. Nawaomba tuyaite hivyo, tulibakize neno lile kwa siku ambayo mkulima ndiye atakayetaja bei.

Nimalizie mtoni, kusini kwetu, Ruvuma inakotutenga na Msumbiji. Mtumbwi ukipinduka katikati ya maji, ni msiba. Lakini mvuvi akirudi jioni huufudikiza mtumbwi wake mchangani usijae mvua, na alfajiri, kabla ya kushika kafi, anainama, anashika ukingo, anaupindua. Kitenzi ni kilekile.