Kumsaidia Ndugu Aliyefungwa na Pombe



Somo la leo ni juu ya ndugu aliyefungwa na pombe. Sisemi juu ya mzee anywaye kikombe cha malafu siku ya arusi, kisha arudi kwake akitembea sawasawa. Nasema juu ya yule atakaye kuacha lutuku asiweze, auzaye jembe lake na vitambaa vya mke wake apate kunywa. Hapa Kabongo kila kijiji chamjua. Ulevi ni dhambi, ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli. Lakini makemeo matupu hayamfungui, maana yeye amekwisha kujikemea kila asubuhi.

Sikilizeni habari za mtawa mmoja, Sista Ignatia, aliyezaliwa Ireland mwaka 1889. Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, mjini Akron, Marekani. Zamani zile hospitali nyingi zilikataa walevi. Mjini humo alikuwako daktari Robert Smith, naye alikuwa mlevi hata mwaka 1935, alipokutana na mlevi mwingine aliyekwisha kuacha, Bill Wilson. Tangu hapo wawili hao wakaanza kuwatafuta wenzao. Agosti 1939 Sista na daktari wakampokea mlevi wao wa kwanza pale; wakamwandika kuwa ni mgonjwa wa tumbo, wakamlaza katika chumba kidogo cha kupangia maua. Waliowajia wagonjwa wa namna hii kitandani ni watu waliouonja utumwa ule ule. Mgonjwa hakuweza kuwaambia, "Ninyi hamjui."

Siku ya kutoka Sista alimpa mtu alama ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa sharti moja: kabla ya kunywa tena, airudishe kwanza mkononi mwake. Tazameni akili ya mama huyu! Kati ya kiu na kikombe aliweka safari, na mwisho wa safari hiyo ameketi mtu amjuaye mlevi kwa jina. Tangu 1952 aliifanya kazi hiyo mjini Cleveland, akafariki mwaka 1966.

Basi, ninyi mlioacha lutuku, msijifiche. Mwendeeni wawili wawili, alfajiri, kabla hajanywa. Limeni naye shamba lake. Tena, aliyekunywa miaka mingi akiacha ghafula aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Hayo si mapepo wala uchawi. Mpelekeni hospitali upesi, kwani aweza kufa.

Na wewe mama upikaye lutuku upate fedha za masomo ya watoto, najua taabu yako, wala sikuiti mwovu. Lakini ndugu huyo akisimama mlangoni pako jioni, mkono wako ndio wa mwisho kumgusa kabla hajaanguka. Mpe kiti na maji ya kunywa, kisha mtume mtoto mbio akamwite mmoja wa wale wawili.