Ujaini: Asili Yake, Misingi ya Imani Yake na Kufika Kwake Afrika Mashariki

Ujaini ni miongoni mwa dini kongwe za Bara Hindi, na waumini wake hawakubali kwamba uliasisiwa na mtu mmoja. Wanafundisha kuwa katika kila nusu ya mzunguko wa nyakati hutokea watirthankara 24, yaani walimu walioishinda nafsi na kuwaonyesha wengine njia ya kutoka katika mkondo wa kuzaliwa na kufa. Wa mwisho wao ni Mahavira wa Bihar ya leo, ambaye mapokeo humweka kati ya mwaka 599 na 527 kabla ya Kristo, ingawa wanahistoria wengi humsogeza mbele kidogo.

Msingi wa imani hiyo ni jiva, nafsi hai isiyoumbwa wala kufa, ambayo imo katika binadamu na mnyama, na pia katika mmea, maji, moto na udongo. Kwa kuwa hakuna Mungu Muumba wa kuhukumu wala kusamehe, hatima ya nafsi hutegemea karma, ambayo kwa Wajaini ni chembe halisi za maada zinazoganda kwenye nafsi kama vumbi kwenye mwili uliopakwa mafuta. Chembe hizo huzuiwa kwa nadhiri na huondolewa kwa kufunga na kujinyima, hadi nafsi ifikie moksha, yaani ukombozi.

Kati ya nadhiri tano, ambazo ni kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia kimwili na kutojilimbikizia mali, ya kwanza, iitwayo ahimsa, ndiyo inayozibeba nyingine. Katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako udongo hupinduliwa kila msimu wa mpunga, swali la mkulima halikwepeki, kwani jembe huua. Wanazuoni wa Kijaini hutofautisha madhara ya makusudi, ambayo kila muumini amekatazwa, na yale yatokanayo na kazi za nyumbani, riziki au kujilinda, ambayo asiye mtawa huagizwa ayapunguze kadiri awezavyo. Ni makosa, basi, kuihesabu dini hii kuwa ya wafanyabiashara kwa asili: Waoshwal wa Halar, jamii ya Wajaini walioanza kufika Kenya mnamo 1899, walitoka katika vijiji vya wakulima kandokando ya Jamnagar, Gujarat, na ukame ulichangia kuwasukuma baharini. Biashara ya duka waliizoea huku Afrika Mashariki.

Hekalu la Wajaini mjini Mombasa, lililowekwa wakfu kwa Parshva, mtirthankara wa 23, lilifunguliwa mwaka 1963 na huhesabiwa kuwa la kwanza la Kijaini lenye mnara kujengwa nje ya India. Lakini watawa hawakuwafuata waumini wao, kwa sababu nadhiri huwalazimu kutembea kwa miguu. Ndiyo maana walei wa Afrika Mashariki walijiendeshea ibada na mafunzo wenyewe kwa miongo mingi, na hata mwaka 1980, Acharya Tulsi, kiongozi mmoja wa watawa wa Kijaini, alipoanzisha daraja la watawa wanaoruhusiwa kupanda vyombo vya usafiri, ruhusa hiyo haikuwagusa watawa wenye nadhiri kamili.